Grogan wa Taveta: Mtunga sheria aliyeacha mashamba badala ya miswada

KILA orodha ya kupima utendakazi wa wabunge inapochapishwa nchini Kenya, wapigakura wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huwa na swali moja kabla ya mengine: mbunge wetu ameshika nafasi ya ngapi? Shirika la Mzalendo, lililoanzishwa mwaka wa 2005, limezoea kuhesabu mara ambazo kila mbunge amenena bungeni kwa mujibu wa Hansadi. Wengine huhesabu miswada iliyowasilishwa kwa jina lake. Mwenye miswada mitatu huonekana kumshinda mwenye mmoja, na asiye na hata mmoja huanikwa magazetini kama mzigo kwa mlipa ushuru.

Hesabu hiyo ni nyepesi kueleweka, na pengine ndiyo sababu inapendwa. Hata hivyo, katika ardhi hiyohiyo ya Taita Taveta aliwahi kuishi mtunga sheria mmoja ambaye mizani ya miswada ingempa alama duni mno, ilhali alama alizoziacha yeye zingali zinaonekana kati ya Mto Lumi na Ziwa Jipe. Wenyeji wa Taveta hawakumchagua. Wala hawakuwa na haki ya kumkataa.

Mtu huyo ni Ewart Scott Grogan, ambaye vijana wengi wa leo humjua kupitia tu jumba lake la mlimani, Kasri ya Grogan, au kupitia mtaa wa mafundi wa magari jijini Nairobi ambao bado unaitwa Grogan ingawa barabara yenyewe ilibadilishwa jina zamani na kuitwa Kirinyaga.

Grogan alizaliwa Uingereza mnamo Desemba 12, 1874, katika familia yenye watoto wengi. Alisomea Winchester, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na kote kuwili alifukuzwa kwa utundu. Mnamo 1896 alikuwa kusini mwa Afrika akipigana upande wa wazungu dhidi ya Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Baada ya hapo alimpenda binti mmoja wa New Zealand, Gertrude Watt. Inasimuliwa kwamba baba wa kambo wa binti huyo hakuridhika na kijana asiye na kazi wala shahada, naye Grogan akaamua kuonyesha uanaume wake kwa kusafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Safari hiyo ilianza mwaka wa 1898 na kumalizika 1900. Aliandika kitabu juu yake, akawa maarufu kote Uingereza, na mwaka huohuo wa 1900 akamwoa Gertrude.

Kitabu hicho kilimtaja kama mtu wa kwanza kuvuka bara hili kwa njia hiyo. Wapagazi waliobeba hema, chakula na risasi zake, nao wakiwa wanatembea kwa miguu ileile katika vinamasi vilevile, hawakupewa sifa yoyote. Si jambo la kushangaza kwa enzi hizo, lakini linafaa kukumbukwa, kwani ndivyo hesabu za Grogan zilivyofanywa hadi mwisho wa maisha yake: kazi ya wengi ikiandikwa kwa jina la mmoja.

Alifika Kenya, iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, mnamo 1904. Hakuja kulima kama walowezi wengine waliojenga nyumba za udongo na kusubiri mvua. Alikuja kutafuta mikataba. Alipata kibali cha kukata miti katika misitu ya Bonde la Ufa. Alijipatia ufuo wa Mbaraki huko Mombasa, mahali ambapo meli kubwa zingeweza kutia nanga, na baadaye serikali ikalazimika kuununua kutoka kwake. Jijini Nairobi alinunua kinamasi kando ya mto, ardhi ambayo wengine waliiona haina faida, akaiuza vipande vipande mji ulipopanuka. Alijenga nyumba ya Chiromo, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akajenga hoteli ya Torr's katikati ya jiji.

Katika shughuli hizi zote Grogan aliifahamu siri moja ambayo walowezi wenzake waliichelewa. Mali katika koloni changa haikutokana na jembe. Ilitokana na karatasi: hati, leseni, kibali na kipengele cha sheria.

Mwaka wa 1907 ni muhimu katika masimulizi haya kwa sababu mbili. Mnamo mwezi Machi, Grogan, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwapeleka Wakikuyu watatu waliokuwa wakikokota riksho hadi mbele ya mahakama ya Nairobi na kuwachapa viboko hadharani, akidai walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa kizungu. Umati wa wazungu ulisimama ukitazama. Maofisa waliojaribu kumzuia hawakusikizwa. Alishtakiwa, si kwa kosa zito la kuwajeruhi wanyonge hao, bali kwa kukusanya watu kinyume cha sheria, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja ambacho hakikufanana na kifungo cha mtu mweusi hata kidogo.

Miezi mitano baadaye, Agosti 17, 1907, Baraza la Kutunga Sheria la koloni lilikutana kwa mara ya kwanza jijini Nairobi. Wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali pamoja na walowezi wachache walioteuliwa na gavana. Mhindi wa kwanza, tajiri A.M. Jeevanjee, aliteuliwa mwaka wa 1909. Mwafrika wa kwanza alisubiri hadi 1944. Kwa miaka 37 baraza hilo lilipitisha sheria juu ya ardhi, kodi, vipande na kazi za watu ambao hawakuwa na hata mmoja wao ndani ya ukumbi. Masilahi yao yalikabidhiwa kwa mzungu, kwa kawaida mmishonari, kuanzia miaka ya 1920.

Grogan, ambaye angali na doa la kifungo, aliishia kuwa mmoja wa wajumbe wa baraza hilohilo. Alikaa humo kwa vipindi mbalimbali, akitoka na kurudi, hadi katika miaka ya 1950 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75. Alisifika kwa ufasaha na kwa hotuba ndefu zenye kejeli. Wasikilizaji walijaa alipotarajiwa kusimama. Katika suala la sarafu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia ilipobadilishwa thamani na hatimaye kuondolewa kwa ajili ya shilingi, sauti yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoipinga serikali kwa ukali zaidi, kwa kuwa madeni ya walowezi yalipanda kwa ghafla.

Lakini miswada? Hapa ndipo mizani ya leo inapokwama. Katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, miswada iliandikwa na Mwanasheria Mkuu na kuwasilishwa na maofisa wa gavana. Hadi mwaka wa 1948 maofisa hao walikuwa na wingi wa kura. Serikali haingeshindwa ila kwa kutaka yenyewe. Mjumbe asiye ofisa angeweza kuleta hoja, kuuliza maswali, kukaa kwenye kamati na kupiga kelele. Jambo lolote lililohusu fedha za koloni lilihitaji idhini ya gavana kwanza. Kwa hiyo anayepekua vitabu vya sheria za miaka hiyo akitafuta jina la Grogan, Lord Delamere au mlowezi mwingine yeyote juu ya sheria, hupekua bure. Majina yaliyoko ni ya magavana.

Je, ina maana kwamba walowezi hawakutunga sheria? Mfano wa Sheria ya Ardhi ya Serikali ya mwaka wa 1915 unatosha. Sheria iliyotangulia, ya 1902, iliwapa wazungu ardhi kwa mikataba ya miaka 99. Walowezi waliona muda huo ni mfupi na kuanza kuusukuma. Walifanya hivyo vyamani, magazetini, kwenye dhifa za ikulu, katika barua kwa wakubwa wa London na ndani ya baraza. Serikali ilipoleta mswada wake mwaka wa 1915, muda ulikuwa umefika miaka 999. Sheria hiyohiyo iliweka wazi kwamba ardhi walimoishi Waafrika nayo ilikuwa ya Mfalme. Hakuna mlowezi aliyewasilisha mswada huo. Wote walinufaika nao.

Kadhalika mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita na kuzaa kipande kilichoning'inizwa shingoni. Ilifuatwa mwaka wa 1918 na sheria ya kuwabana maskwota waliokuwa wakiishi katika mashamba ya wazungu. Karatasi zote hizo zilitoka mezani kwa serikali, na zote ziliitikia kilio cha wenye mashamba waliotaka vibarua.

Taveta iliingia katika maisha ya Grogan baada ya vita vya kwanza vya dunia. Vita hivyo vilikuwa vimeigeuza nchi hiyo uwanja wa mapigano. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mnamo Agosti 1914. Mnamo Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, kabla ya kurudi mwezi uliofuata na kupenya kati ya vilima vya Latema na Reata. Grogan mwenyewe alitumika kama mpelelezi, akapata nishani na cheo cha ukanali. Lakini urithi mkubwa zaidi wa vita hivyo kwa eneo hilo ulikuwa reli. Jeshi lilijenga njia ya reli kutoka Voi, kituo cha Reli ya Uganda, kupitia Mwatate hadi Taveta na kuvuka mpaka kuelekea Kahe. Nchi iliyokuwa mbali na bandari sasa ilikuwa safari ya muda mfupi kutoka Mombasa.

Reli ikiwa tayari, maji ya Mlima Kilimanjaro yakitiririka chini ya ardhi na kuibuka katika chemchemi za Njoro Kubwa na Mto Lumi, na mikataba ya ardhi ikiwa mirefu kiasi kile, mtu mwenye jicho la Grogan hakuhitaji kushawishiwa. Katika miaka kati ya vita viwili vya dunia alijipatia maelfu kwa maelfu ya ekari kuanzia Ziwani hadi karibu na Jipe. Alichimba mifereji, akakausha vinamasi, akapanda mkonge. Juu ya kilima cha Girigan alijenga jumba la mawe jeupe lenye kuta za mviringo, ambapo mtu akisimama barazani huiona theluji ya Kilimanjaro upande mmoja na maji ya Jipe upande mwingine.

Haki lazima itendwe hata kwa mtu kama huyu. Mifereji hiyo ilikuwa kazi ya akili nyingi, na kilimo cha umwagiliaji maji katika sehemu ile kinadaiwa mengi na mipango yake. Vilevile, baada ya mkewe kufariki mnamo 1943, alitoa ardhi ya Muthaiga ambapo hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden ilifunguliwa mwaka wa 1947. Watoto wa rangi zote hutibiwa humo leo, na wazazi wengi wanaowapeleka huko hawajui Gertrude alikuwa nani. Lakini ardhi ya Taveta haikuwa kinamasi kitupu wakati alipoifikia. Wataveta walikuwa na mashamba na mifereji yao kando ya Lumi kwa vizazi vingi kabla ya mzungu wa kwanza kuuona mlima. Mashamba makubwa ya mkonge yalipojaa, wengi wao walijikuta wakiitwa maskwota katika nchi ya babu zao, wakizungukwa na mipaka iliyochorwa Nairobi.

Upande wa vilimani nao, Wataita walikuwa wakisukumwa. Mashamba ya wazungu yalienea Bura, Mwatate na Wundanyi, na wakazi wakasongamana katika miteremko. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilizunguka nchini na kutoa ripoti yake mwaka wa 1934, lakini manung'uniko hayakuisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaunda Chama cha Milima ya Taita ili kudai ardhi yao kwa njia ya barua na mikutano. Hawakuwa na mjumbe wa kuuliza swali barazani, achilia mbali kuleta hoja. Mnamo Mei 1940 serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na kile cha Wakikuyu cha KCA na kile cha Wakamba, na viongozi wake wakazuiliwa kwa kisingizio cha vita.

Linganisha hali hizo mbili. Mwenye shamba wa Girigan angeweza kupanda gari-moshi hadi Nairobi, kumkosoa gavana usoni asubuhi na kula naye chakula jioni. Mzee wa Wundanyi aliyesema neno lilelile juu ya ardhi aliwekwa kizuizini. Hapo hakuna haja ya kuhesabu miswada ili kujua nani alikuwa mtunga sheria.

Eliud Mathu aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza barazani mnamo Oktoba 1944. Mwaka wa 1948 Waafrika waliongezwa hadi wanne, James Jeremiah wa Pwani akiwa mmoja wao. Wanne hao hawakuwa na kura za kuangusha chochote. Silaha yao ilikuwa ni kusimama na kunena, ili malalamishi ya watu wao yaingie katika Hansadi na yasiweze kukanushwa baadaye. Mtu akizihesabu hotuba zao kwa mizani ya leo angewasifu. Akihesabu sheria zilizobadilika kwa ajili yao angekata tamaa. Na bado bila wao Waafrika wasingekuwa na kumbukumbu yoyote ya miaka hiyo ndani ya baraza.

Mwaka huohuo wa 1948 serikali ilitangaza kuundwa kwa Mbuga ya Tsavo. Leo mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimemeza zaidi ya nusu ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta. Ukiondoa mbuga na mashamba makubwa, wakazi hubakiwa na kipande kidogo cha kugombania, na ndiyo maana mjadala wa ardhi hauishi katika kampeni zozote za Voi au Taveta.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Grogan alikuwa mzee lakini hakuwa amepoa. Alikuwa miongoni mwa walowezi waliodai adhabu kali mno dhidi ya Mau Mau, kwa lugha ambayo hata baadhi ya wazungu wenzake waliionea haya. Hata hivyo nyakati zilikuwa zinabadilika. Mnamo Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, na Ronald Ngala akachaguliwa kuwakilisha Pwani. Miaka 6 baadaye, Dawson Mwanyumba kutoka Taita alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Mzee Jomo Kenyatta. Grogan aliondoka nchini na kufariki mjini Cape Town mnamo Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92, karibu na mahali alipoanzia safari iliyompa jina.

Mashamba yake hayakurudi kwa Wataveta. Yalipita mikononi mwa wengine, ikiwemo familia ya Criticos, ambayo mmoja wao, Basil Criticos, alikuja kuwa mbunge wa Taveta kwa kura za wenyeji. Bunge la Kenya huru lilirithi kanuni nyingi za baraza la zamani. Katiba ya awali ilizuia bunge kuujadili mswada wowote wa fedha bila idhini ya rais kupitia kwa waziri, na Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 114, inautaka mswada wa aina hiyo upitie kwa kamati baada ya maoni ya waziri wa fedha kuzingatiwa. Kwa hivyo mbunge wa Voi anayetaka sheria ya kuwafidia wakulima wanaoharibiwa mimea na ndovu hukutana na ukuta mapema, hata akiwa na bidii ya mchwa. Wabunge wachache wameweza kuupenya. Muriuki Karue wa Ol Kalou alikuwa chanzo cha wazo lililozaa hazina ya maendeleo ya maeneobunge mwaka wa 2003, na mabadiliko hayo pekee yaliigusa kila lokesheni nchini. Kwa mahesabu ya miswada, hiyo ni moja tu.

Miaka 999 iliyoanza kutolewa 1915 ingefika kikomo baada ya mwaka wa 2914. Haikufika. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hati zilizozidi hapo zilikatwa siku ile ile katiba ilipoanza kutumika. Kipengele hicho hakikuletwa na mbunge yeyote kwa jina lake. Kiliandikwa na Kamati ya Wataalamu. Bunge lilipoijadili rasimu mwishoni mwa Machi 2010, mapendekezo zaidi ya 100 ya marekebisho yaliwasilishwa na yote yakaanguka kwa kukosa kura za kutosha, na Aprili 1 rasimu ikapitishwa kama ilivyokuwa. Agosti 4, 2010, wapigakura wa Voi na Taveta walipanga foleni pamoja na Wakenya wengine na kuiidhinisha.